Damu Haifuliwi kwa Maji ya Moto

Mama yangu, Yuliana Chitanda, alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na moja. Ilikuwa mwaka 1973, katika darasa la kisomo lililofanyika saa kumi alasiri kwenye shule ya msingi karibu na kwetu, Mwananyamala. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka hospitalini, na aliianza mwaka uliofuata Uhuru. Akitoka kazini alipitia nyumbani kubadilisha khanga, akachukua daftari, akaenda kujibana kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa mbao.

Vitabu vya kisomo vilimchosha upesi. Kimoja kilihusu kilimo cha pamba, kingine ufugaji.

"Mie ng'ombe nitamfuga wapi, chini ya kitanda?" alimwuliza Mwalimu Didas.

Mwalimu Didas alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, mwenye sanduku la bati lililojaa riwaya. Alicheka, kisha akamwazima mama riwaya moja kwa sharti kwamba akiimaliza aandike nusu ukurasa wa maoni.

"Maoni gani?"

"Yoyote, Mama Margareta. Kilichokupendeza na kilichokuudhi."

Kumwomba mama aseme kilichomuudhi ilikuwa sawa na kumkaribisha pilau.

Riwaya hiyo ilikuwa ya mapenzi. Alitusomea barazani, mimi Margareta na baba, kidole kikitembea chini ya mistari. Baba, Kornelio, alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala kama mama. Alisikiliza huku akipiga mpingo msasa. Daftari la maoni bado ninalo. Mama aliandika hivi kwa penseli:

"Msichana amelia kurasa sita. Sikatai, mapenzi yanaliza. Lakini huyu kijana tangu mwanzo mpaka mwisho hakuna aliyemwuliza kazi yake, wala hakuosha hata kikombe. Wakishaoana watakula nini, machozi? Ila barua ya mwisho nimeirudia mara tatu."

Siku aliyoirudia mara ya tatu alimgeukia baba. "Wewe hujawahi kuniandikia barua hata moja."

"Ningekuandikia, nani angekusomea?" baba akajibu. "Padri?"

Mama alicheka mpaka kitabu kikamponyoka.

Riwaya ya pili ilihusu jini mwanamke aliyemteka kijana akampeleka kwenye mji wake chini ya bahari, katika kasri la vyumba saba vya dhahabu na chemchemi kila ua. Baba aliipenda hiyo kupita kiasi, akataka sura nyingine zirudiwe. Mama naye akaandika:

"Dhahabu sikuionea wivu. Nimeonea wivu maji. Sie tuliokulia Newala tulishuka bondeni alfajiri kufuata ndoo moja, na huyu ana maji mpaka chumbani, na bado amenuna. Hapo mwandishi amesema kweli. Jini ana kila kitu, lakini roho yake ni ya mke mwenza. Nimemhurumia yeye kuliko kijana."

Shoga yake Mwanaheri, Mzaramo aliyefua naye hospitalini na kukaa nyumba ya pili, hakupendezwa kabisa.

"Yuliana, jini hahurumiwi kwa sauti. Anasikia."

Mama akashusha sauti, akaendelea kumhurumia.

Kisha, mwaka 1974, ikaja ya tatu, ya upelelezi, iliyoitwa *Shuka la Chumba Namba Tisa*. Mfanyabiashara anauawa hotelini. Muuaji analichemsha shuka lenye damu, linatoka jeupe pee, ushahidi unapotea, na inspekta anahangaika kurasa mia nzima. Mama alifika hapo kwenye kuchemsha, akakifunga kitabu kwa kishindo.

"Mwongo huyu!"

"Nani, muuaji?" nikauliza.

"Mwandishi! Damu haifuliwi kwa maji ya moto. Ukiichemsha unaipika, inang'ang'ania kwenye uzi mpaka kiama. Damu ni maji baridi na chumvi, halafu sabuni. Huyo inspekta angeliona doa la kahawia siku ileile, kesi ingekwisha ukurasa wa ishirini!"

Hata hivyo alikimaliza kwa siku mbili. "Nilitaka kujua tu," alisema kwa hasira, kama mtu aliyekutwa anadokoa nyama jikoni.

Safari hii nusu ukurasa haukumtosha. Alimwandikia mwandishi mwenyewe, kwa anwani ya wachapishaji iliyokuwa ukurasa wa pili. Mwalimu Didas alimsaidia kuweka vituo tu. Barua ilianza kwa "Ndugu Mwandishi, nimefua damu miaka kumi na miwili," na mwisho akatia saini: Y. Chitanda. Sie hatukuwa na sanduku la posta, kwa hiyo aliandika la hospitali.

Yaliyofuata Mwanaheri amenisimulia mara nyingi mpaka naona kama nilikuwapo. Yapata wiki tano baadaye, mwanamume aliyevaa suti ya Kaunda alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia, mvuke umemziba miwani.

"Samahani, akina mama. Namtafuta Daktari Chitanda. Kila ninayemwuliza ananielekeza huku."

Wanawake walitazamana kwanza, kisha wakaangua kicheko kwa pamoja.

"Daktari!" Mwanaheri akaita. "Una mgonjwa!"

Mama akajitokeza nyuma ya mapipa, mikono imejaa povu. Mgeni alimtazama, akaitazama barua aliyoishika, akamtazama tena. Kwa kuona sanduku la hospitali, alikuwa amedhani kwamba kufua damu ni maneno ya kidaktari.

"Shikamoo, mama. Naitwa Adelard. Ni mimi niliyeandika kile kitabu."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe uliyelichemsha shuka."

Adelard akakohoa. "Mama, ile ni hadithi tu."

"Hadithi ni uongo unaokubalika. Mie sikuukubali."

"Lakini kitabu kimenunuliwa na watu elfu tatu, na hakuna mwingine aliyelalamika."

"Basi hao elfu tatu hawajafua."

Mama hakuendelea kubishana. Alichukua vitambaa viwili vyenye damu, kimoja akakitosa kwenye pipa la maji yanayochemka, kingine kwenye ndoo ya maji baridi yenye chumvi, akamwambia mgeni asubiri aone. Baada ya nusu saa alivitoa vyote viwili, akavisugua kwa sabuni, akavitandaza mbele yake. Cha ndoo kilikuwa safi. Cha pipa kilikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi, na halikutoka ng'o. Adelard alivua miwani, akaifuta, akatoa kijitabu mfukoni.

"Sasa, mama, huyu muuaji angefanya nini?"

"Nitajulia wapi? Sijaua mtu." Mama akaendelea kukamua shuka. Kisha akasita. "Ningekuwa yeye, nisingelifua kabisa. Ningelileta hapa nikalitupa kwenye rundo lile. Damu juu ya damu, nani atauliza?"

Adelard aligeuka kulitazama rundo la mashuka ya wagonjwa.

"Sie tungeuliza," akadakia Mwanaheri. "Mashuka yetu yana mhuri kwenye pindo. La hoteli lingeupata wapi?"

Mwandishi akapindua ndoo tupu, akaikalia, akaandika mpaka kengele ya kutoka kazini ikalia. Siku hiyo mama alirudi nyumbani akiimba, akapitiliza nyumba yetu kwa hatua kumi kabla ya kushtuka.

Kitabu kipya kilitoka mwaka 1977. Adelard alikileta mwenyewe Jumapili mchana, wakati tunakula wali kwa samaki barazani. Ukurasa wa mbele alikuwa ameandika kwa wino: "Kwa Daktari Chitanda." Mama alikifuta vumbi ambalo halikuwapo, akakiweka mapajani, akamwambia mgeni ale kwanza.

Wakati huo kidole hakikuhitajika tena chini ya mistari. Alikisoma kwa siku tatu, kimyakimya, nasi tukangoja. Siku ya nne ukelele ukasikika mpaka kwa Mwanaheri.

"Amenikondesha!"

Dobi aliyemnasa muuaji, ndani ya kitabu, alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba kama uzi, anayebubujikwa na machozi kila inspekta anapomkaribia, na mwishoni anaolewa naye.

"Mie nimelia lini pale kazini?" mama aliuliza. "Na huyu inspekta, nguo zake atafuliwa na nani? Si yuleyule!"

"Mie kitabu nimekipenda," baba alisema. "Ila huyo inspekta simwamini. Anavaa viatu vyeupe."

Mwanaheri alikuwa na lake, na lilikuwa zito zaidi. Wazo la mhuri alikuwa amepewa inspekta. Mwanaheri hakumo kitabuni, hata kama mpita njia.

Mashoga hao wawili walikaa kwenye mkeka wakaandika jibu. Mama alijaza kurasa kumi na moja. Mwanaheri hakuwahi kwenda kisomo, lakini utotoni, kwenye chuo cha Kurani, alifundishwa herufi za Kiarabu, naye akaongeza ukurasa wake wa Kiswahili kwa herufi hizo, mwandiko mzuri ulioinama, akakataa katakata kutuambia umesema nini. Adelard alilazimika kumtafuta mtu wa kumsomea. Mzee mmoja wa Kariakoo alikubali, na Adelard alitusimulia baadaye kwamba mzee huyo aliusoma kwanza kimoyomoyo, akacheka mpaka akaikunja kofia yake mkononi, ndipo akamwambia aketi chini asikilize.