Siku Niliyopaka Chokaa Jiwe la Mama Kavira

Bon, mmekuwa mkiniuliza kwa nini nikiona ndoo ya chokaa napita upande mwingine wa njia, na mimi kila mara nabadilisha habari, lakini kwa kuwa shirika letu lote la sala hapa Butembo linajua tayari (na katekista anaisimulia vibaya, anaongeza mambo), afadhali muisikie kwangu, maana aibu ni yangu na mimi ndiye ninayeijua vizuri.

Wakati ule nilikuwa namtaka Kavira, na sikuwa bado wa shirika lao. Kavira naye alikuwa ananitaka, huko hakukuwa na shida. Shida ilikuwa mama yake. Hakunikataa, mais hakunikubali, kila nikiuliza lini wazee wetu waje kuongea habari ya mbuzi za mahari alinijibu, "Tutaona nyuma ya Pasaka," na mimi nikajua ananipima. Donc Jumamosi ya kuamkia Pasaka, siku ya salongo, kila mtu anasafisha mtaa, nikafika kwao asubuhi na panga, fagio na ndoo ya chokaa, nikamkuta anatoka kwenda parokia kufua vitambaa vya altare, nikamwambia, "Mama, ukirudia utakuta uwanja inangaa."

Nilifanya kazi, siwadanganyi. Nilifyeka, nilizibua mfereji, nikapaka chokaa mawe yote ya njia toka barabarani mpaka mlangoni, kama kila nyumba inavyofanya kwa sikukuu. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Lakini chokaa ilibaki kidogo ndani ya ndoo, na mimi sipendi kitu kipotee bure, nikatazama huku na huku, nikaona pembeni ya baraza, chini ya paa, jiwe moja jeusi, na katika ufa wake kichaka kidogo cha majani makavu yaliyojikunja, rangi ya tumbaku. Nikasema kumbe huyu mama anazeeka, hata majani yaliyokufa hayaoni. Nikayabandua kwa kisu na mizizi yake, nikayatupa jalalani kwenye maganda ya ndizi, nikasugua jiwe, nikalipaka chokaa mara mbili, nikarudi nyuma kidogo kulitazama, na nikajisikia mkwe kabisa.

Kavira akaja na sahani ya bugali na mboga ya sombe. Akasimama.

"Jiwe ya mama iko wapi?"

"Si ile pale. Ona vile inangaa."

Akaweka sahani chini polepole, kama mtu aliyesikia habari ya msiba. "Paluku, ile majani haikukufa. Iko nafunga."

Ndipo nikaelezwa. Yale majani ni ya miamba ya kwao Kipese. Mvua ikinyesha yanafunguka, jua likizidi yanajikunja na kukauka, unaweza kuapa yamekufa, halafu yakipata maji yanarudi kijani. Mama Kavira alikuwa anayaweka chini ya paa Kwaresima yote bila tone la maji (alisema nayo ni Wakristo, yafunge), halafu Jumamosi ile mchana anayamwagia maji mbele ya shirika, na Jumapili watu wakitoka misa wanayakuta yamefunguka, na watoto wanaelezwa ufufuko. Na jambo lingine: mwaka ule walipokimbia vita kutoka Kipese, wengine walibeba magodoro, yeye alibeba lile jiwe mgongoni ndani ya kitenge, kama mtoto.

Njaa ikaniisha.

Kavira akasema tumwambie mama ukweli. Mimi nikasema ngoja (hilo neno "ngoja" ndilo lililonimaliza, kuliko hata chokaa). Nikakimbia jalalani, nikayapata majani yangu chini ya maganda, nikayapangusa, lakini hayakutaka kusimama juu ya jiwe. Nikatazama sahani. Bugali ya muhogo, wote mnajua, ikipoa inashika kuliko gundi. Nikakata donge, nikalisukuma ndani ya ufa, nikabandika majani, nikapaka chokaa kidogo juu ya bugali, na tayari nasikia wamama wa shirika wanaimba njiani.

Walijaa uwanja. Mimi nimekaa mbele na shati jeupe, karibu na katekista na viatu vyake vya Pasaka. Mama Kavira akalitazama jiwe, akanitazama mimi, mimi nikamtazama katekista.

"Nani alifanya hii?"

"Ni miye, mama. Juu ya sikukuu."

"Na majani hukuigusa?"

"Hapana, mama."

Akamwaga maji. Chokaa ikaanza kuteremka nyeupe, ikapita barazani, ikaingia taratibu kwenye viatu vya katekista, naye kwa kuwa alikuwa katika sala hakusogea. Halafu bugali ikalainika. Majani yakainama, yakateleza, yakaanguka chini na donge lake, pwa. Na papo hapo kuku wa jirani akaja, akadonoa bugali, akaondoka nayo, na majani yameshikana nayo.

Nikaruka. Mguu mmoja ukaingia ndani ya ndoo yangu mwenyewe, nikaanguka, nikaamka na ndoo mguuni, nikapita chini ya benchi ya wamama nikilia, "Mushike kuku, mushike kuku," na shirika zima likaacha rozari likakimbiza kuku mpaka kwenye ua wa choo, na huko Mama Kavira mwenyewe akamkamata. Akatoa majani mdomoni mwa kuku, akapuliza bugali.

"Vita yote tulikimbia," akasema, "hii majani haikupata taabu sawa vile leo."

Katekista akatazama viatu vyake, akasema, "Tuombe." Hapo ndipo watu walipoangua kicheko. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na zaidi ya aibu niliogopa, maana Kavira peke yake hakucheka.

Jumapili nilijificha nyuma ya nguzo kanisani, lakini Mama Kavira akaniita kwake. Barazani kulikuwa na sahani ya maji, na ndani yake majani ya Kipese, yamefunguka, kijani, upande mmoja umeliwa na kuku.

"Chokaa ni ujinga tu," akasema. "Mais uliniambia hapana. Beba jiwe, beba na majani. Ikifika Pasaka ingine iko nzima, bazee bako bakuje juu ya mahari."

Wandugu, mwaka ule nililea yale majani. Niliweka mbolea, yakawa manjano, nikaitoa nikaweka changarawe. Nilimwagia maji mengi, yakaanza kuoza, nikajifunza kuyadondoshea maji kwa kidole tu. Nikienda Beni kuchukua bidhaa nilikwenda nalo jiwe, wanajeshi wa kizuizi cha barabarani wakaniuliza kuna dhahabu ndani, nikawaambia hapana, kuna mke.

Pasaka ikafika, Mama Kavira akamwaga maji mbele ya watu walewale, na kesho yake yakafunguka yote. Wazee wetu wakaja. Siku ya ndoa Mama Kavira akatupa lile jiwe liwe letu, na chokaa bado imebaki upande mmoja. Nilitaka kuisugua. Akanishika mkono.

"Acha. Batoto batakuuliza, na utabaambia ukweli."