Mstari wa Kijani wa Baba

Watu wa Moshi mjini huniletea redio, vikuza sauti vya kwaya na televisheni zilizopigwa na umeme, na karibu wote huniuliza swali lile lile wakimkuta mwanamke kwenye kibanda changu: "Fundi yuko wapi?" Zamani nilikuwa nawatania, nawaambia fundi ametoka kidogo, waniachie mzigo nimshikie. Siku hizi utani huo umenitoka. Nachukua kitu, nafungua skrubu.

Ufundi huu niliupata kwa baba, ingawa hakunifundisha. Alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia katika kiwanda cha sukari kule tambarare, na alipostaafu alirudi mlimani, kwenye kihamba chetu cha migomba na kahawa, akiwa na osiloskopu moja kuukuu ambayo kiwandani walikuwa wanaitupa. Ni mashine nzito ya chuma yenye kioo kidogo cha duara. Ukiiwasha, mstari wa kijani unatokea kwenye kioo. Ukigusisha waya zake kwenye chombo unachokitengeneza, mstari unajikunja na kukuonyesha umeme unavyopanda na kushuka ndani yake. Kila Jumapili baada ya ibada baba aliiweka mezani akamfundisha mdogo wangu, mwanawe wa kiume wa pekee na kitinda mimba wetu. Mimi nilishika tochi. Mdogo wangu alikuwa anatazama dirishani, anawaza mpira. Mshika tochi hawezi kutazama dirishani, maana mwanga utahama na atagombezwa. Basi nikazijua waya zote, moja baada ya nyingine, bila mtu yeyote kukusudia nizijue.

Miaka michache iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na mstari ukapotea. Baba hakuitupa mashine. Aliiweka karibu na kiti chake, mama akaifunika kitambaa cha kufuma, ikawa kama meza ndogo ya kuwekea dawa. Kifua kilipoanza kumsumbua akawa anasema, mtu yeyote akija kumsalimia, kwamba angependa kuuona ule mstari tena kabla hajaondoka.

"Nipe niende nayo mjini, baba," nilimwambia. "Nitaitengeneza."

"Hiyo ataitengeneza mwenye nyumba," akasema.

Kwetu nyumba ya baba huachiwa kitinda mimba, pamoja na vilivyomo ndani. Mwenye nyumba alikuwa Dar es Salaam, anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi yenye kiyoyozi, na pasi ya kulehemu hajaishika tangu shule. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya baba, vidole vyangu vina alama za kuungua. Sikubishana. Mila nilizikuta, na kuhusu nyumba wala sikuwa na kinyongo. Lakini jibu lile sikulisahau.

Mwezi mmoja hivi kabla ya Krismasi mdogo wangu alisimamisha gari mbele ya kibanda changu. Mashine ilikuwa kwenye buti, imeviringishwa blanketi.

"Shikamoo dada. Hii kitu imenishinda. Nimefungua, nikaona vumbi tu."

"Marahaba. Mzee anajua umeileta kwangu?"

"Hajui. Anajua niko nayo Dar, naitengeneza." Alicheka kidogo, akaona mimi sicheki. "Nisaidie, dada. Krismasi nitamwambia mwenyewe, mbele ya watu wote, kwamba ni mkono wako. Nakuapia."

Nilikubali, na nilikubali kwa ajili ya hiyo ahadi. Kama ningemwambia baba mimi mwenyewe, ningeonekana ninajisifu na kumwaibisha mwanawe. Lakini likitoka kinywani mwa mwenye nyumba, mbele ya shangazi na majirani, baba angelazimika kulisikia. Nilitaka kitu kimoja tu, baba ajue kwamba yule mshika tochi alikuwa anatazama.

Ubovu ulikuwa kwenye pawa saplai, kama nilivyodhani. Pawa saplai ndiyo tumbo la mashine: inapokea umeme wa ukutani na kuugawa, kidogo huku, mwingi kule, kila sehemu kwa kiasi chake. Kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zilikuwa zimevimba vichwani na kumwaga utomvu wa kahawia, na daiodi za karibu zilikuwa zimekufa. Kazi ya namna hii haitaki pupa. Hata ukichomoa mashine, kapasita nzima hubaki na umeme wa kukutupa chini, kwa hiyo kwanza unazimaliza nguvu, ndipo unaingiza mkono. Kapasita za namna ile mjini sikuzipata. Nilimwagiza mama mmoja anayevuka mpaka kwenda Kenya pale Tarakea siku za soko, akaniletea, zikawa ndogo kuliko matundu ya zile za zamani. Nikazikatia vibano vya bati. Utomvu niliusugua kwa spiriti na mswaki mpaka bodi ikarudi rangi yake.

Siku ya kuijaribu sikuichomeka moja kwa moja ukutani. Niliweka balbu kubwa ya zamani katikati ya njia ya umeme, ili kukiwa na shoti balbu ing'ae na mashine ipone. Balbu iliwaka kwa nguvu, kisha ikafifia taratibu mpaka ukabaki wekundu tu kwenye waya wake. Hiyo ndiyo dalili njema. Nikaitoa balbu, nikawasha tena, nikasubiri. Mstari wa kijani ukatokea katikati ya kioo, umenyooka. Nililia pale kibandani, mteja akiwa amesimama mlangoni na redio yake kwapani.

Mdogo wangu alipokuja kuichukua nilimwonyesha mgongo wa mashine. Kuna swichi ndogo ya kuchagua volti, upande mmoja 110, wa umeme mdogo, upande mwingine 220, wa umeme wetu. "Hii usiiguse," nilimwambia. "Huko nyumbani Krismasi umeme huwa mdogo, mstari unaweza kufifia. Uache ufifie. Ukiihamisha hii, umeme ukirudi kamili umeiua." Nikaifunika swichi kwa selotepu mbele ya macho yake.

Anayeijua Krismasi ya mlimani anajua nilichokuwa naogopa. Nyumba zinazokaa mwaka mzima zimefungwa zinafunguliwa zote kwa pamoja, wenyewe wametoka Dar na Arusha na friji zao, majiko yao na spika zao, na umeme wa kijiji hautoshi. Taa zinawaka njano. Siku ile wanaume walikuwa sebuleni na baba, sisi wanawake jikoni na sufuria za machalari, ndizi zetu za nyama. Nilisikia makofi. Nikachungulia mlangoni, nikauona mstari wangu. Ulikuwa hafifu, lakini upo. Baba alikuwa ameinama hadi pua inakaribia kioo.

"Baba," mdogo wangu akasema, simu mkononi anajirekodi, "nimekurudishia mstari wako."

Nilisubiri amalizie. Baba akamjazia kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa mkono wake mwenyewe, akampa wa kwanza kabla ya wazee, akasema, "Leo nimemwona mwanangu." Mdogo wangu akanywa. Macho yetu yakakutana juu ya ile kata, akayatoa yake haraka. Muda mfupi baadaye simu yangu ikalia kwenye mfuko wa aproni: ametuma ile video kwenye kundi la ukoo, na pongezi zimeanza kumiminika. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Nikarudi kukoroga sufuria.

Harufu ndiyo iliyoniita. Mtu asiyekuwa fundi angedhani ni chakula kimeungua, lakini mimi harufu ya transfoma inayoiva naijua. Nilipofika sebuleni moshi ulikuwa unatoka kwenye matundu ya mashine na mtu ameshang'oa plagi. Niliizungusha. Selotepu ilikuwa imebanduliwa, swichi iko 110. Alitaka mstari ung'ae zaidi, watu wauone vizuri, na kweli uling'aa, mpaka umeme ulipokatika na kurudi kamili. Nikachomoa fyuzi; ilikuwa imekatika kwanza, ikafanya kazi yake ya kuilinda mashine. Naye akaizungushia karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara ili umeme upite, akawasha tena.

"Imekuwaje?" baba akauliza, anakohoa kwa moshi.

Mdogo wangu aliwatazama wageni wote, mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi.

"Baba, kusema ukweli siyo mimi niliyeitengeneza," akasema. "Ni dada."

Baba akanigeukia. Nilikuwa na mwiko mkononi.

"Ndiyo maana," akasema.

Akaomba afunguliwe dirisha. Nilifungua mdomo nieleze habari ya swichi na ile karatasi, mama akanishika kiwiko. "Ni Krismasi," akanong'ona. "Mwache baba yako ale." Nikamwacha ale. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wa kwetu alichuma, akanikabidhi sahani nzima.

Nilijiambia nitapanda mlimani siku tulivu nimweleze baba tukiwa wawili. Nilipopanda alikuwa hazungumzi tena, ananitazama tu na pumzi zake fupi, na mtu wa namna ile humwelezi habari za fyuzi. Tulimzika kihambani kabla mvua za masika hazijaisha.

Baada ya matanga mdogo wangu alikuja kibandani. Safari hii alikuwa ameshika jani la isale, lile linaloota mipakani mwa vihamba vyetu, ambalo mtu akikuletea kuomba msamaha huna ruhusa ya kulikataa, hata kama amekuulia ng'ombe. Alilishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Dada, nilikukosea. Nisamehe."

Nikalipokea. Sikuwa na hiari, na nadhani alilijua hilo kabla hajalichuma. Kisha akaelekea kwenye gari akafungua buti. Lile blanketi lilikuwa mle.

"Nimefikiria ikae sebuleni, iwe kumbukumbu ya mzee," akasema. "Transfoma inaweza kusukwa upya, si ndiyo? Watoto wauone ule mstari."

Inaweza. Waya wake unapatikana, na mikono ya kuusuka ninayo. Nililiweka jani mezani, kati ya pasi na koili ya risasi ya kulehemu.

"Nikiitengeneza," nikamwuliza, "utamwambia nani kwamba ni mkono wangu?"

Alibaki ameshika mlango wa buti, hakuufunga wala hakuishusha mashine.