Tulisimama Wajane Wawili

Siku ile ya nishani tulikuwepo hawa: mimi, mke mkubwa wa marehemu, mke mwenzangu, aliyeolewa miaka mingi baada ya vita, mwanangu wa kwanza, ambaye baba yake alikwenda Kagera akimwacha tumboni, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, na mtani wetu mzee, muuza mtama wa soko la Majengo, ambaye hakualikwa, ila mtani haalikwi. Majina yao ninayo yote kichwani, hata ya babu zao. Siyaandiki kwa kuwa sijawaomba ruhusa.

Marehemu alistaafu jeshi bila kuchukua nishani zake mbili, moja ya vita na moja ya utumishi wa miaka mingi. Alisema atazifuata mvua zikiisha. Mvua zikaisha, zikarudi, zikaisha, mpaka akafariki. Aliyezifuata ni mke mwenzangu. Yeye anakaa Dodoma mjini, mimi niko Kondoa mlimani na karanga zangu. Alipanda bajaji kutoka ofisi hii hadi ile, akawatafuta askari waliopigana pamoja na mume wetu watoe ushahidi, akaambiwa njoo wiki ijayo, akaenda wiki ijayo. Sifa hiyo ni yake, siikatai. Lakini aliyeniletea habari kwamba nishani ziko tayari ni mwanangu, siyo yeye, na hapo roho ikaanza kuniuma.

Ile ya utumishi, sawa, achukue. Ya vita niliitaka mimi, ukutani kwangu. Vita ilipokuwa ikipiganwa marehemu alikuwa na mke mmoja tu. Mimi ndiye niliyelima na mimba, jioni nikienda kusimama nje ya duka lenye redio, nasikiliza huku miguu imevimba. Wakati huo mwenzangu alikuwa mtoto, anachunga mbuzi wa baba yake. Sasa nishani hiyo ikae kwake?

Nikapanda basi. Nilifikia kwake, maana mjini sina pengine. Akanipokea begi, akapiga goti, shikamoo dada. Nikaitikia kwa nusu sauti. Alinipikia wali na kuku, akanitandikia mashuka mapya, na kila alivyozidi wema ndivyo nilivyozidi kukasirika. Ukutani alikuwa ameshapigilia misumari miwili. Niliiona kabla sijakaa.

Kesho yake kwenye sherehe, ofisa aliyekuwa akiita watu akamfikia marehemu wetu, akasema mjane wake apite mbele. Tulisimama wawili. Watu wakageuka. Ofisa akatutazama, akatazama karatasi yake, akamwita mwenzangu kwa jina lake kamili. Nikaketi, nikajifanya nilikuwa nafunga khanga vizuri. Naye akaenda mbele, mgongo umenyooka, gauni la kitenge kipya, utadhani yeye ndiye aliyebeba bunduki.

Tuliporudi nyumbani kwake, shemeji akasema kisanduku cha nishani kikae hapo hapo, kwa aliyehangaika. Mwanangu akanitazama. Mimi nilikuwa natazama misumari.

Ndipo mtani akakinyakua. Akazibandika nishani zote mbili kwenye koti lake lenye vumbi la mtama, akapiga kwata pale uani akiburuta mguu wa kushoto kama marehemu. Watu walicheka mpaka machozi. Shemeji alipotaka kumnyang'anya, akasema hazitoki bila kukombolewa, na hela hataki.

"Nyie wajane mmenichosha kwa kununa," akasema. "Mwanajeshi wenu huyu alikuwa akilalaje? Atakayejua ndiye mkewe."

Nikawahi. Nikasema alikuwa halali. Aliporudi vitani alikaa mlangoni mpaka kunakucha, nami nyuma yake, hasemi neno. Mtani akamgeukia mwenzangu. Alikuwa anakata vitunguu, hakuinua uso.

"Kwangu alilala," akasema. "Ila alikuwa anaweweseka. Anapiga kelele, anamwita dada, kwa jina lake. Miaka yote hiyo namwamsha, nampa maji, ananyamaza. Asubuhi hakumbuki, wala mimi simkumbushi." Akafuta mikono kwenye khanga. "Ya vita mpe dada. Mimi nimeisikia ya kutosha."

Mtani akaifungua pini taratibu, akaniwekea nishani kiganjani, bado ina joto la kifua chake.

Iko Kondoa sasa, juu ya mlango alipokuwa akikaa. Wageni wakija nawaonyesha. Lakini wivu haukuniisha. Mimi nina nishani, yeye ana sauti ya mume wangu ikiniita, na mimi niliyekuwa naitwa sikuisikia hata mara moja. Siku nyingine nasema moyoni alitunga, ili niondoke kwake nimetulia. Halafu namkumbuka alivyokuwa amekaza macho kwenye vile vitunguu, naona hapana, hakutunga.

Waliokuwepo, kama nimekosea nisahihisheni. Kama mguu ulikuwa wa kulia, kama kuku alikuwa mbuzi, semeni. Na kama kuna mwingine aliyewahi kulala nyumba ile ya Dodoma akamsikia, aje aniambie alikuwa ananiita jina lipi, lile nililopewa na baba yangu au la kuitwa mama wa mtoto wetu wa kwanza. Mwenzangu anajua, lakini kumuuliza siwezi.