Injini na Masizi ya Chungu Changu

Trekta lilifika kwetu likivutwa na ng'ombe, na watu walitoka majumbani kucheka. Kweli lilikuwa jambo la kucheka. Kitu kilichonunuliwa ili ng'ombe wapumzike, leo ng'ombe ndio wanakivuta. Mume wangu alitembea mbele ameshika fimbo. Mzungu mwenye shamba la kahawa alikuwa amelichoka trekta hilo. Lilitoa moshi kama jiko la kuni mbichi, na tumboni liligonga ko, ko, ko, mpaka siku moja likanyamaza kabisa. Mzungu naye alikuwa anafunga shamba aende kwao. Akamwambia mume wangu, aliyekuwa dereva wake, lichukue, hata kuku watalalia humo.

Kazi ya mume wangu ikaishia hapo. Na siku zile mwanamume wa Mbozi akikosa kazi, njia ilikuwa moja, kuvuka mpaka pale Tunduma kwenda migodi ya shaba. Lori la kuchukua watu lilikuwa linakuja Itaka kila mwaka mvua zikianza. Mume wangu alikuwa ameshampa karani wa lori hilo jina lake. Akamwambia baba yake, "Tata, lori likija kabla trekta halijapumua, mimi napanda. Likipumua, nabaki nalima."

Mimi nikayasikia hayo nikiwa jikoni. Kaka yangu alikwenda huko huko. Tuliletewa sanduku lake na kofia, yeye mwenyewe mpaka leo sijui udongo gani unamlalia. Na mimi ndoa yangu hata mwaka ilikuwa haijafikisha.

Ngoja kwanza nieleze kwa nini niliyasikia nikiwa jikoni. Mimi ni Mndali, nimezaliwa milimani kule Ibaba kwenye baridi na mianzi. Kwetu mke wa mwana haonani uso na baba mkwe. Akikohoa njiani unakimbia, ukikosa pa kukimbilia unajifunika kichwa. Wanyiha nilikoolewa hawakukaza sana kama sisi, lakini mzee yule alikuwa mtu wa heshima, akaifuata mila yangu kuliko nilivyoifuata mimi. Akikaribia ua alikohoa mpaka koo likamuuma. Maneno yake na yangu yote yalipita kwa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa na tabia ya kuyaongezea chumvi.

Sasa, mzee huyo ujana wake alikuwa mfua chuma. Si wa kununua chuma dukani na kukinyoosha. Alichimba mawe, akajenga tanuru la udongo refu kupita mtu, akayapika mawe mpaka yakatoa chuma. Majembe yake yalilima nchi hii kabla majembe ya madukani hayajafika. Yalipofika, tanuru likaota majani, na yeye akabaki kuchonga mipini. Kwa hiyo mwanawe alipoifungua injini chini ya kibanda nyuma ya nyumba, mzee alikuja akaangalia tumbo lile jeusi, akaangalia sana, kisha akasema, "Hili ni tanuru." Na likishakuwa tanuru, lina miiko yake.

Tanuru kwa Wanyiha ni mwanamke mwenye mimba. Wanaolihudumia hawalali kwa wake zao, maana wakilala watamtia wivu naye ataharibu mimba. Na mwanamke hasogei. Mama mkwe alikuja kuniambia habari hiyo huku anacheka mpaka kanga inamdondoka.

"Mwanangu, umeletewa mke mwenza wa chuma. Mumeo atalala naye kibandani."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka ajifungue."

Nitasema ukweli maana nimezeeka na aibu zimenipungua, nilikasirika. Bi harusi wa jana nalala peke yangu kama mjane, na mume wangu yuko hatua chache tu anakumbatia vyuma. Yeye alikuwa mtu wa kanisa, angeweza kukataa. Hakukataa. Aliniambia kwa mbali, akiwa amesimama kwenye njia ya kisimani, "Tata anajua moto. Mimi najua spana tu. Nikimvunjia miiko yake atanivunjia moyo wake, na mimi naihitaji mikono yake." Nikamwelewa. Lakini hasira haikuondoka siku hiyo.

Kazi yenyewe niliitazama kupitia fito za jiko. Ubaya wa injini ulikuwa hivi. Mhimili mkubwa wa chuma unaozunguka ndani ya injini haukai juu ya chuma kitupu, unakaa juu ya vikombe vya madini laini meupe, kama mtoto kwenye mbeleko. Madini yale yalikuwa yameliwa, mhimili ukawa unacheza, ndiyo ko, ko, ko ile. Vipya vya kununua havikuwepo. Mume wangu akasema tutayeyusha madini ya zamani, tutayachanganya na ya injini nyingine iliyokuwa imetupwa kule shambani, tutayamimina upya hapa hapa nyumbani.

Hapo ndipo mzee alipokuwa kijana tena. Alitoa mifuo yake ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, iliyokuwa imekauka kama samaki, akaipaka mafuta mpaka ikalainika. Alitengeneza kingo za udongo wa kichuguu za kuzuia madini yasimwagike, akazikausha pembeni ya moto tangu asubuhi. Mume wangu alikuwa na haraka, mawingu yalikuwa yameanza kupanda upande wa Msangano.

"Tata, zimekauka hizo. Tumimine."

"Zimekauka kwa nje. Wewe uliposa kwa kuangalia nje tu?"

"Mvua hiyo inakuja, tata."

"Ije. Udongo mbichi na madini ya moto vikikutana, yatakurukia machoni. Halafu utaendesha trekta kwa kunusa."

Mume wangu akakaa chini. Mzee alichovya bua la mtama kwenye madini yaliyoyeyuka. La kwanza likashika moto, akasema moto umezidi. Wakangoja. Lingine likawa la rangi ya asali tu, akasema, "Sasa." Wakamimina bila kusimama hata kidogo, mmoja ameshika sufuria, mwingine ameshika mkono wa mwenzake usitetemeke. Sijawahi kuona baba na mwana wakiwa mtu mmoja namna ile.

Baada ya kupoa ikaja kazi ya kukwangua. Mume wangu alihitaji kujua mhimili unagusa wapi kwa nguvu na wapi haugusi. Akaomba masizi ya chungu. Mama mkwe akaja akakwangua vyungu vyangu vyote, nikabaki na vyungu vinang'aa kama vya mtu asiyepika. Masizi yaliruhusiwa kwenda kwa yule mke mwenzangu, mimi sikuruhusiwa. Mume wangu aliyachanganya na mafuta, akaupaka mhimili, akauzungusha, akautoa. Palipobaki weusi kwenye vikombe akapakwangua kwa kisu alichokinoa kutoka kwenye tupa kuukuu, kidogo kama mtu anayenyoa kichanga. Anarudia tena. Siku baada ya siku. Wengine wangesema yatosha. Yeye alikuwa akisikiliza kwa vidole.

Walipoifunga injini, hendeli ya kuiwashia ikakataa kuzunguka. Kila kitu kilikuwa kipya na kimebana, wanaume wawili hawakuweza kuisogeza. Mume wangu akasema lazima livutwe likiwa kwenye gia, magurudumu yaizungushe injini kwa nguvu. Wakafunga ng'ombe. Ng'ombe wakavuta vizuri, injini ikakohoa mara moja, PAA! Loo! Ng'ombe wale walikata mnyororo wakaenda zao kwenye mashamba ya watu na nira shingoni. Hawakukubali tena hata kulisogelea.

Na siku hiyo hiyo habari ikaja kwamba lori limeshafika Itaka, linaondoka kesho yake.

Asubuhi mume wangu alianza kufunga blanketi lake. Watu wa kuvuta kamba wangetoka wapi? Wanaume walikuwa migodini, na waliobaki walikuwa kwenye lori. Kijiji kilikuwa cha wazee na wanawake, na mwanamke kwenye tanuru ni mwiko. Nilikaa jikoni, ugali ukaungua mbele yangu sikuusonga.

Nikasikia mzee anakohoa uani. Nikajifunika kichwa. Alisimama mgongo kwangu akamwita mke wake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mama! Kupika tanuru ni kazi ya wanaume, tumemaliza. Huyu sasa ana uchungu. Uliwahi kuona wapi mwanamume anazalisha? Waite wakunga."

Mama mkwe hakungoja aambiwe mara mbili. Alipiga kigelegele, wanawake wakaja na watoto mgongoni, wengine na majembe, wakaishika kamba. Mimi nilikuwa katikati, kanga imeshuka mpaka puani. Mzee alishika mbele kabisa ili mgongo wake uwe kwangu. Mume wangu akapanda kwenye kiti, tukavuta. Mama mkwe anaimba nyimbo za leba bila aibu, wanawake wanacheka, nguvu zinaongezeka. Magurudumu yakaanza kutembea, injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika. Haikugonga. Ilinguruma sauti moja nene, laini, na moshi wake mwembamba. Tukaiachia kamba tukakimbia pembeni tunapiga kelele.

Mume wangu hakuthubutu kuizima. Aliendesha moja kwa moja mpaka Itaka, sisi nyuma yake. Lori lilikuwa limejaa. Karani akamwita kwa jina, akasema, "Panda, nafasi yako hii hapa." Mume wangu akajibu akiwa juu ya kiti cha chuma, "Nifute, bwana. Mimi nalima." Wanaume walishuka kuigusa injini, wakaipiga kofi kama ng'ombe mzuri, kisha wakaitwa wakapanda. Mke wa mmoja wao, aliyevuta kamba nasi, alilia akimwangalia mume wake anakwenda.

Shamba la kwanza alilolima mume wangu lilikuwa la mama yule aliyelia. Nilisimama mpakani nikamtazama anakwenda na kurudi, mistari imenyooka, ameegemea pembeni kidogo, sikio liko kwenye injini.