Digidigi Niliyemwachia

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nilijua habari za digidigi kuliko nilivyojua hesabu za kugawanya. Sikujifunza kwa kupenda. Kiwanda alichofanyia kazi baba mjini kilikuwa kimeuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, nasi tukafungasha kutoka Makole kurudi kwa bibi, mama yake baba, kijijini upande wa Buigiri. Tulikuta mvua imekatika mapema na mtama umekauka kabla ya kubeba. Kufika kipupwe, na upepo ule wa baridi unaopasua midomo, tulikuwa tunakunywa uji mwepesi mara moja kwa siku. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Miguu ilimvimba, na akitaka kuinuka alishika ukuta.

Baba akaamua kutega digidigi. Bibi aliposikia aliweka ungo chini.

"Mkeo ana mimba, nawe unataka kumwaga damu ya mnyama wa porini? Ukimuumiza huyo, umemuumiza aliye tumboni. Kwetu haifanywi."

"Na njaa je, mama? Yenyewe haimuumizi?"

Bibi akaokota ungo wake, akaingia ndani.

Aliyetumwa kuchunguza ni mimi, kwa kuwa baba alikuwa anakohoa na wanyama wangemsikia. Siku tatu nililala kifudifudi nyuma ya mwamba, kwenye kilima cha karibu na kwetu, nikimtazama dume na jike wake. Asubuhi walitoka kuota jua upande wa mashariki wa kilima. Walirudi kunya pale pale kila siku, kwenye lundo moja la vinyesi vidogo kama choroko. Kisha dume alisogeza jicho kwenye ncha ya kijiti na kuacha tone jeusi la kunata, alama ya kwamba hapo ni kwake. Upepo ukizidi hawakutoka kichakani. Nilimweleza baba yote, naye akatega kamba kwenye kijia cha kwenda kwenye lile lundo.

Asubuhi ya nne baba aliamka na homa, nikaenda peke yangu. Jike alikuwa amenasa mguu wa nyuma, amejichuna mpaka damu. Nilikuwa na rungu mkononi. Nilipomkaribia nikaliona tumbo lake, limejaa upande mmoja, na kitu kikasogea ndani. Maneno ya bibi yakanijaa masikioni. Nikatupa rungu, nikafungua kitanzi kwa vidole na meno. Akaondoka akichechemea.

Nyumbani nikasema mtego ulikuwa mtupu. Mama, aliyekuwa ameshateleka maji, akayaipua.

Siku tano baadaye alijifungua mtoto wa kiume, naye alikuwa ameshakufa.

Bibi alipanda kilimani mwenyewe, akarudi na kamba yenye manyoya na damu iliyokauka. Akaiweka mbele ya baba.

"Nilikuambia."

Baba aliishika ile kamba, akaigeuzageuza, akaanza kulia mbele yetu sote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kusema ni mimi niliyemfungua na kwamba aliondoka akiwa hai, lakini kusema hivyo ilikuwa kukiri kwamba nilimnyima mama nyama. Nikanyamaza. Baba hakutega tena. Alikufa akiamini kwamba alimuua mwanawe.

Baada ya arobaini yake nilimweleza mama, tukichambua mchele kibarazani kwangu Ipagala. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemleta," alisema. "Ningemla, na kilichokuwa tumboni mwake ningekila."

Kisha akauliza, "Na baba yako hukumwambia, hata alipokuwa kitandani?"

"Sikumwambia."

Akaendelea kuchambua.

Sijui kama nyama ya mnyama mdogo vile ingemwokoa mdogo wangu. Sijui pia kama bibi alisema kweli. Siku ile nilimwamini kwa moyo wote, na yule mtoto aliyefungua kamba nimeshamsamehe. Lakini baba aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, na mingi kati ya hiyo nilikuwa mtu mzima.