Ukurasa Usiopakwa Rangi

Mpiga taipu huvaa sweta hata jua la Kampala likiwaka, na kabla ya kugusa mashine hupuliza vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayepoza uji. Vitabu vya sheria vya ofisi viliungua katika vita vya mwaka jana, naye huzipiga upya sheria hizo, kutoka nakala za kuazima, kwenye karatasi za nta za kurudufia. Akikosea, hupaka rangi nyekundu juu ya kosa, hungoja ikauke, kisha huendelea. Odero, tarishi kutoka Kisumu, amezoea alama hizo. Lakini juzi, kwenye sheria ya uhuru ya mwaka wa sitini na mbili, mpiga taipu alikosea herufi moja tu, akaichomoa karatasi nzima.

"Mama, kosa ni ndogo. Paka rangi tu, bosi anangoja."

"Najua karatasi zimebaki mbili," alisema taratibu, akichukua mojawapo. "Lakini hapa ndipo Mwingereza anatuachia nchi yetu. Hapa sipaki."

Akapuliza vidole, akaanza tena juu kabisa. Odero akavuta kiti, akangoja. Karatasi ilipokuwa tayari, yeye ambaye kila siku hubeba kazi za ofisi kwapani, aliipokea kwa mikono miwili.