Chumba Kilichopungua Sentimita Thelathini

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Maneno mengine nitakuwa nimeyakosea, na herufi zangu zimeegemeana kama watu waliochoka kusimama. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo ninachoandika ni kwa chaki ya fundi, nyuma ya kitambaa: kiuno, kifua, urefu wa sketi. Maandishi hayo hayasomi mtu mwingine, na nguo ikifuliwa mara ya kwanza yanaondoka. Haya nimeyaandika kwa kalamu, kwa siku tisa. Nikiona neno limenishinda nililiacha, nikashona kidogo, nikarudi.

Nashona sare za shule katika chumba cha ghorofa ya pili, Mchafukoge, Dar es Salaam. Jengo ni la serikali, la zamani, na ngazi zake zimelika katikati kwa nyayo za watu. Chumba kina dirisha kubwa linalotazama mashariki. Kwa fundi wa nguo dirisha la namna hiyo ni nusu ya kazi, kwa sababu uzi wa bluu iliyoiva na uzi mweusi havitofautiani penye giza, na mama wa mtoto atakuja kuvitofautisha juani. Kazi nilifundishwa na mama mkubwa, humo humo chumbani. Miguu ilipomshinda kupanda ngazi akarudi Masasi, akaniachia cherehani, meza ya kukatia, wateja na dirisha. Kwenye daftari la wapangaji jina lilibaki lake. Kodi nikawa naipeleka mimi, na hakuna aliyeuliza, maana kodi ikifika haiulizwi imeletwa na nani.

Sasa, kuna taasisi moja ya serikali. Kazi yake sijaielewa hadi leo, na nadhani siko peke yangu. Ilikuwa imehamia Dodoma kama ilivyoagizwa. Ilipofika huko ikagundua kwamba inahitaji ofisi Dar es Salaam, ya kuratibu shughuli ya kuhama Dar es Salaam. Basi ikaomba nafasi.

Msidhani serikali inaomba chumba kama mimi na wewe. Sisi tunamwona dalali, anatupeleka, tunaangalia kama paa linavuja, imekwisha. Taasisi inaandikia wizara yake. Wizara inaandikia idara inayotunza majengo. Idara inamwandikia msimamizi wa jengo. Kila barua inaeleza kwa heshima kubwa kwamba barua iliyotangulia imepokelewa. Zikishapokelewa zote ndipo inakuja fomu, na fomu inakuja na watu. Hiyo fomu nimeiona kwa macho yangu. Niliisoma juu chini, kwa sababu ilijazwa kwenye meza yangu ya kukatia.

Walikuja saba kukagua chumba cha watumishi sita. Mbele alikuwa msimamizi wa jengo, mzee mtaratibu mwenye daftari kwapani. Nyuma yake afisa wa ile taasisi, mama mmoja mwenye suti nzuri ya kijivu ambayo pindo lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Wale watano wengine kazi yao ilikuwa kutazama dari.

"Shikamoo," nilimwambia yule mama.

"Marahaba, binti. Hebu simamisha hiyo cherehani kidogo, hatusikilizani."

Nikasimamisha. Akasogeza mashati matatu niliyokuwa nimeyakata, akavuta kigoda changu, akakaa, akafungua fomu.

Walikuwa na kipimo cha kisasa, kidude kidogo kinachorusha taa nyekundu ukutani na kusoma umbali chenyewe. Kilitolewa kwenye mfuko wake, kikaelekezwa ukutani, hakikuwaka. Betri zilikuwa zimekwisha. Mmoja wa wale watano akasema ashuke akanunue. Kariakoo iko hatua chache tu. Betri zinauzwa hadi mlangoni pa msikiti.

"Kwa kibali gani?" aliuliza afisa. "Unataka wakaguzi wakija waniulize kwa nini nimenunua betri nje ya utaratibu?"

Yule kijana akarudi kutazama dari. Ndipo afisa akaniona, au aliona kilichokuwa shingoni mwangu.

"Binti, tupatie hiyo futi yako."

Hapa inabidi niwaeleze kuhusu futi ile. Ilikuwa futi ya kitambaa, ya kawaida, ya sentimita mia na hamsini. Nilipokuwa bado najifunza niliipitishia mkasi pamoja na kitambaa cha kaki, nikakata sentimita kumi za mwanzo. Mama mkubwa hakuninunulia nyingine. Alisema nitaitumia hiyo hiyo hadi nijue kuangalia mkasi unakokwenda. Kwa hiyo futi yangu ilianzia kumi. Kila nilichopima nilitoa kumi kichwani, kwa miaka, bila kufikiri. Kiuno kikisoma themanini, nakata cha sabini.

Nikaitoa shingoni. Nikasema, "Samahani, mama, hiyo futi..."

"Tutakurudishia, usiogope," alisema, na wale watano wakacheka.

Mimi mkubwa akishanikatiza sirudii neno. Nikawasogezea meza. Wakapima. Urefu wa chumba futi ilikwenda mara nne kamili. Upana mara tatu kamili.

"Kamili kabisa!" alisema mmoja, kama vile ukuta umefaulu mtihani.

Afisa akaandika: mita sita kwa mita nne na nusu. Ukweli ni kwamba kila walipoinyoosha futi ile, sentimita kumi hazikuwepo. Chumba changu kina mita tano na sitini kwa mita nne na ishirini. Nilikuwa najua. Nimekifagia kila siku.

Fomu ikaendelea. Kulikuwa na sehemu ya watumishi na vyeo vyao, na kila cheo kina mita zake. Mkurugenzi anahitaji nafasi kubwa kuliko karani, hata akiwa mwembamba. Mmoja akauliza, "Na dereva?" Afisa akajibu, "Dereva anakaa kwenye gari." Kisha akasoma kwa sauti swali la mwisho:

"Je, chumba kina mtumiaji kwa sasa?"

Msimamizi akafungua daftari lake. "Mpangaji aliyesajiliwa ni mama mmoja. Alirudi kusini. Hayupo."

"Kwa hiyo hakuna."

"Kwa mujibu wa daftari..." Mzee akanitazama, akatazama daftari, daftari likashinda. "Kwa mujibu wa daftari, hakuna."

Afisa akaandika *Hakuna*. Aliandika akiwa amekaa kwenye kigoda changu, kiwiko juu ya chaki yangu. Walipoondoka waliniambia asante, binti, na kweli futi wakanirudishia.

Baada ya wiki mbili tatu barua ikabandikwa mlangoni. Iliandikwa kwa jina la mama mkubwa, ikimtaka aondoke na vitu vyake ndani ya siku kumi na nne. Ilikuwa karibu na msimu wa shule. Nilikuwa na sare za watoto arobaini, nyingine zimekatwa, nyingine hazina mikono. Fundi wa sare akihamishwa msimu huo, wateja hawamtafuti alikohamia. Wanapita kwa fundi wa jirani na hawarudi tena.

Nikashuka kwa mama wa vifungo. Huyu anauza vifungo, zipu na uzi mlangoni mwa jengo letu, na ananijua tangu nikitumwa na mama mkubwa.

"Kwani huna mdomo?" aliniuliza.

"Nitawaambia nini?"

"Waambie wewe ni mtu! Wamekaa kwenye kigoda chako, wewe umesimama pale kama kabati. Mtoto gani wewe? Mama yako mkubwa angewashusha ngazi na fomu yao."

"Mama mkubwa hayupo."

"Ndiyo walivyoandika," akasema, akaniuliza kama nimekula.

Nikaenda kwa msimamizi. Sikusema mengi, nilimpa barua ile nikasimama. Akaisoma kama hajawahi kuiona, ingawa aliyeibandika ni yeye. Halafu akavua miwani.

"Sikiliza, mwanangu. Nafasi katika jengo la serikali inaombwa kwa maandishi. Wao wameomba. Na wewe omba. Eleza shughuli yako, idadi ya watumishi na vipimo vya chumba. Bila vipimo haipokelewi."

Barua ile niliiandika asubuhi nne, kabla ya kuanza kazi, nikiharibu karatasi. Kwa sababu ya vipimo nilinunua futi mpya kwa mama wa vifungo, inayoanzia sifuri. Niliandika hivi: *Naomba kuendelea kutumia chumba ninachotumia. Shughuli ni kushona sare za shule. Idadi ya watumishi ni mmoja, ambaye ni mimi. Chumba nimekipima mwenyewe, mita 5.60 kwa mita 4.20. Kina dirisha zuri.* Hilo la dirisha halikutakiwa, lakini karatasi ilikuwa na nafasi.

Msimamizi akaigonga mhuri, IMEPOKELEWA, akaiweka kwenye faili.

"Sasa nifanye nini?" niliuliza.

"Subiri jibu."

Siku ya kumi na tatu, kabla ya jibu, yakaja makabati. Sikuwa hata nimefungasha. Yalikuwa makabati matatu ya mafaili, mbao nzito, kila moja upana wa mita moja na nusu, yamechongwa ili yakipangwa pamoja yajae ukuta kwa ukuta. Mafundi seremala waliyapandisha kutoka barabarani, jasho likiwatoka, mmoja akiapa kwamba kazi ya serikali hatapokea tena, na wenzake wakimwambia hivyo ndivyo alivyosema mara ya mwisho. Wakasogeza cherehani yangu kwenye kona. Kabati la kwanza likaingia. La pili likaingia. La tatu likagoma.

"Sukuma!" alisema afisa, na safari hii alikuja na wawili tu.

"Nisukume ukuta, mama?" aliuliza fundi.

"Chumba hiki ni mita nne na nusu. Iko kwenye fomu."

Fundi akatoa futi yake ya chuma, akapima, akampa asome mwenyewe. Nne na ishirini.

"Basi, mama, hilo la tatu tukalipange kwenye fomu."

Wenzake wakacheka. Afisa hakucheka. Akapima mara ya pili, akapima na ule upande mwingine. Nikamwona anahesabu midomo ikicheza. Kwa vipimo vile mkurugenzi hakuenea. Chumba kilikuwa kimeshuka cheo hadi kwa karani. Akageuka polepole, akanitazama. Ile futi mpya ilikuwa shingoni mwangu.

"Futi ya siku ile iko wapi?"

Nikafungua mtoto wa meza. Nikaiweka mezani. Akaishika mwanzo wake, akaisogeza karibu na macho.

"Inaanzia kumi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukusema?"

Watu wote walinitazama: afisa, wawili wake, mafundi, msimamizi aliyekuwa amesimama mlangoni na mama wa vifungo aliyekuwa amepanda kuangalia ni nini kinagonga. Nikasema, na nadhani cherehani ingekuwa inatembea nisingesikika:

"Nilianza kusema. Ukaniambia mtanirudishia."

"Na wakakurudishia kweli!" mama wa vifungo akasema kutoka ngazini. "Serikali ina ahadi!"

Afisa alikaa kwenye kigoda changu. Safari hii aliniomba. Shida yake niliielewa taratibu. Hakuweza kuandika kwa wakubwa wake Dodoma kwamba jengo la serikali lilipimwa kwa futi ya binti, iliyokatwa, kwa sababu betri zilikosa kibali. Hakuweza pia kuandika kwamba chumba kimepungua. Alihitaji vipimo vilivyokuwepo tayari, vyenye mhuri, vilivyoletwa na mtu mwingine. Ndipo msimamizi akakohoa, akafungua faili, akatoa barua yangu.

Afisa akaisoma yote, hata ile ya dirisha. Kisha akaandika: chumba hakikidhi viwango vya ofisi ya mkurugenzi, taasisi inaomba kutafutiwa nafasi jengo lingine, rejea kiambatisho, barua ya mtumiaji wa chumba. Fomu ya kwanza ilisema mtumiaji hakuna. Ya pili ikamtumia huyo huyo kama shahidi. Sikuona aibu upande wowote.

Nilimaliza sare zote arobaini. Makabati mawili bado yamo chumbani kwangu, na la tatu liko kwenye korido, maana kuyaondoa kunahitaji barua, na barua hiyo nayo inasubiri barua. Yana namba za serikali. Siyatumii. Nasema hivyo kama kuna anayekagua. Nimebaki na njia nyembamba kati ya makabati na meza, lakini dirisha halikuguswa, na asubuhi jua linaniletea uzi wa bluu na uzi mweusi kila mmoja mahali pake.

Nilipomsimulia mama mkubwa kwa simu, alicheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo kwenye daftari bado nipo?" Nikamwambia yupo. Ile barua ya kunihamisha imesimamishwa, haijafutwa. Na barua yangu ilipokelewa, ikagongwa mhuri, ikatolewa nakala, ikasafiri hadi Dodoma nisikowahi kufika. Haijajibiwa.

Ndiyo maana nawaomba nyinyi mnaosoma, nijibuni. Mistari miwili inatosha, na mwandiko wowote nitausoma, siwezi kumcheka mtu kwa hilo. Niambieni kama nilikosa kunyamaza siku ile. Ningesema, pengine wangeondoka palepale, nami nisingehesabu siku kumi na tatu nikiwa na mkasi mkononi. Au wangepima sawasawa, wakampeleka mkurugenzi kwingine, wakachonga makabati madogo ya karani, na leo ningekuwa nashonea barazani. Nimelifikiria sana hilo nikiwa nashona. Ile futi ya zamani sijaitupa. Mkiniandikia, semeni kama niitupe.